Pua ya Komando

Emery alikuwa amepiga magoti pembezoni mwa ua, chini ya kamba za kuanikia nguo, akisawazisha udongo kwa kiganja mpaka usionyeshe kwamba umeguswa. Alitawanya majani makavu juu yake, akarudi nyuma hatua chache na kuangalia kazi yake kama mtu anayeangalia ukuta alioupaka rangi. Komando alikuwa amefungwa upande wa pili wa nyumba, nyuma ya mapipa ya taka, asione kitu. Alikuwa akilia kwa sauti nyembamba ya kusihi, maana alijua mchezo umekaribia.

"Bado unazika tu?" Mayasa aliuliza kutoka dirishani kwake. Mayasa alikuwa fundi cherehani kutoka Tanga, na ndiye aliyekuwa msimamizi wa nyumba ile ya mtaa wa Bertrams, nyumba kuukuu iliyokatwakatwa vyumba vya kupangisha. "Ungekuwa unapanda mchicha, baba, saa hizi tungekuwa tunakula."

"Nazika cha mwisho, mama."

"Na mwezi ukiisha ndiyo mwisho wa hilo jibwa hapa. Sijasahau. Wapangaji wanaogopa kwenda chooni."

"Hajauma mtu hata siku moja."

"Si ndiyo maana kampuni ikamfukuza!"

Emery alijua kuwa ilikuwa kweli. Kampuni ya ulinzi, ambako Emery bado alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, ilimchukua Komando kwa ajili ya kifua chake kipana na jina alilokuja nalo. Wakampanga na Emery kulinda ghala moja kule Doornfontein. Mwizi aliporuka ukuta, Komando hakubweka. Alimletea chupa tupu ya plastiki, akaiweka miguuni pake, akangoja arushiwe. Mwizi akarusha. Komando akaifuata mbio, akairudisha, akarushiwa tena, na wakati Emery anatokea upande wa pili, nyaya za shaba za ghalani zilikuwa zimeshaondoka. Mbwa wa namna hiyo hurudishwa kwenye vibanda vya kampuni, na daktari wa mifugo akija na sindano yake haondoki bila kuitumia. Emery aliomba apewe yeye. Mkuu wa vibanda alikuna kichwa, akakubali kwa sharti moja: Komando awe amepata kazi mahali pengine kabla Julai haijaisha. La sivyo, arudi.

Kazi yenyewe ilitafutwa na Jennifer Kawira. Jennifer alikuwa Mmeru aliyeacha benki akafungua ofisi ndogo ya safari. Kila mwaka, majani ya Ulaya yanapoanza kupukutika, aliwachukua watu wanaopenda kula akawapeleka mashambani Italia, kwenye vilima vya Umbria, wakaonje jibini nyumbani kwa mfugaji na mafuta ya zeituni yakitoka kinuni. Zaidi ya yote aliwapeleka kutafuta tartufo, uyoga mweusi unaoota chini ya ardhi kwenye mizizi ya mialoni. Jicho haliuoni, na pua ya mtu haiufikii. Mbwa ndiye anayeujua ulipo.

Jennifer alimsimulia Emery habari hizi kanisani Berea, baada ya ibada ya Kiswahili, wakiwa wamesimama na vikombe vya chai mkononi.

"Kuna mzee mmoja huko," alisema. "Mbwa akiwa kazini, yule mzee haongei. Na sisi wote kimya, matope mpaka hapa, watu wazima wa benki wananyata kama wezi wa kuku. Halafu kabla hajagusa kitu chochote anajipaka udongo mikononi, hivi, kama mtu ananawa. Nikasema labda ni mila yao."

"Pengine anabariki shamba," alisema Emery, na wote wawili wakacheka.

"Sasa sikiliza, ndugu Emery. Watu wangu wengi wanakwama kwenye viza. Nikajiuliza, kwa nini nisiwatengenezee Italia ya siku moja hapa hapa? Kuna mama mmoja anaitwa Hester, amepanda mialoni ukishapita mji wa Krugersdorp, nayo imeanza kuzaa tartufo. Mbwa wake amekufa, na magoti yake yamekataa kazi. Nimeshaita wageni Jumamosi ya mwisho ya Julai. Wewe si una mbwa?"

Ndivyo ilivyoanza. Hester alikubali kumpa Komando makao na Emery kibarua cha msimu, mradi mbwa awe na uwezo wa kutafuta. Jennifer akaleta kipande cha tartufo, akamwelekeza Emery akihifadhi ndani ya mchele mkavu kwenye chombo chenye kifuniko. Emery hakuwa amewahi kufundisha mbwa kutafuta kitu. Alijifundisha mwenyewe, polepole, kila asubuhi baada ya zamu: kwanza Komando alinusa mkononi, kisha chini ya kopo, kisha chini ya majani, sasa chini ya udongo.

Alimfungua. "Tafuta," alisema.

Komando aliingia uani pua chini, mkia juu. Hakuzungukazunguka. Alikwenda kwenye kamba za nguo, akaweka mguu juu ya majani, akaketi. Kisha kwenye kona ya bomba. Kisha chini ya baiskeli iliyokufa. Kila alipopatia, Emery aliingiza mkono mfukoni akamtolea ndagala, dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika ambao mkewe Brigitte alikuwa akiuza sokoni Yeoville, na Komando alimeza bila kutafuna.

"Eh!" Mayasa alisema dirishani, bila kupenda. "Kumbe ana akili."

"Ana akili kabisa," alisema Emery, na kifua chake kilikuwa kipana kuliko cha mbwa.

*

Jumamosi iliyofuata Jennifer aliwapitia kwa gari. Wageni walikuwa waje wiki moja baadaye. Siku hiyo ilikuwa ya kumwonyesha Hester. Komando alikaa kiti cha nyuma kichwa kikiwa nje, na kila waliposimama kwenye roboti, taa za barabarani, watu wa magari mengine walimpigia picha. Emery alikuwa amepakata mfuko wake wa chakula. Brigitte hakumruhusu mtu atoke nyumbani kwake na njaa.

Hester alikuwa mwanamke mrefu aliyepita makamo, amevaa sweta la mume wake na viatu vya shamba. Aliwapeleka mwanzo wa mstari wa miti. Mialoni ilikuwa mifupi, imebaki na majani ya kahawia yaliyokataa kuanguka, na chini ya baadhi yake nyasi zilikuwa zimekauka na kuacha duara tupu, kama pameunguzwa. Hapo, alieleza, ndipo uyoga unapokula kila kitu kilicho karibu nao. Sakitu, umande ulioganda usiku, ilikuwa bado nyeupe kwenye vivuli.

Emery aliweka mfuko wake chini ya mti mmoja ili mikono iwe huru. Akamfungua Komando.

"Tafuta."

Komando aliinua pua, akavuta hewa, akaondoka moja kwa moja. Alipita mti wa kwanza, akapita wa pili bila kupunguza mwendo, akaenda mpaka kwenye mti ule wenye mfuko, akaketi na kuweka mguu mmoja juu ya ardhi.

"Aki, mwangalie!" alinong'ona Jennifer, na simu yake ilikuwa tayari juu.

Emery alipiga magoti, akausogeza mfuko pembeni, akaanza kuchimba. Komando alimwacha achimbe. Yeye alijisogeza pembeni na kuweka mguu juu ya mfuko.

Emery akaacha kuchimba. Alichukua mfuko akaupeleka kwenye mti mwingine. Komando akaufuata, akaketi, akaweka mguu, akamtazama Emery kwa furaha ya mwanafunzi anayejua jibu.

"Ndani ya huo mfuko kuna nini?" aliuliza Hester.

"Chakula changu, mama," alijibu Emery kwa Kiingereza chake cha getini.

"Chakula gani?"

Hakuwa na la kufanya ila kufungua bakuli. Bukari, ugali wa kwao, na ndagala wa nyanya na pilipili. Jennifer alisogea, akainama, akajishika kichwa.

"Haiya! Emery! Umefundisha mbwa kutafuta omena?"

"Si omena, dada. Ni ndagala."

"Ni omena!"

"Omena ni wa Kisumu. Hawa ni wa Uvira."

"Kwani hiyo ndiyo shida tunayojadili sasa hivi? Nina wageni!"

Hester hakucheka wala hakukasirika. Alimwangalia Komando kwa muda mrefu, jinsi alivyokuwa ameketi wima bila kugusa chakula, akingoja ruhusa.

"Pua yake haina kosa," alisema mwishowe. "Ametafuta alichofundishwa. Alhamisi niko hapa. Mleteni mapema, apite mistari yote. Akirudia haya, nitampigia simu mtu mwenye mbwa wake, kwa sababu wageni nao wanatoka mbali. Na huyu sitaweza kumchukua. Mbwa wa kumtunza tu, nimechoka."

Njiani Jennifer alikaza macho barabarani mpaka walipofika mjini. Emery naye alitazama nje. Hakuwa akimlaumu mtu. Alikuwa akirudi nyuma kichwani, asubuhi moja baada ya nyingine, akitafuta mahali alipokosea.

*

Alipofika nyumbani alipanga kila kitu juu ya saruji ya ua: chombo cha mchele, kijiko cha kuzikia, glavu, koti, hata mkanda wa mbwa. Alinusa kimoja kimoja. Hakusikia kitu ila sabuni na mchele. Akanusa tena. Kisha, kwa kuwa hakuiamini pua yake, akaenda kugonga kwa Mayasa.

"Naomba unisaidie kunusa, mama."

"Kunusa nini tena, jamani?"

Mayasa alitoka na sindano kadhaa zimechomekwa kifuani mwa kanga. Alishika chombo, akakifungua. "Dagaa," alisema papo hapo. Akachukua kijiko. "Dagaa." Glavu. "Dagaa. Na hizi bado mpya, wallahi." Koti hakuligusa, alilikunjia pua kwa mbali. Kisha akamsogelea Emery mwenyewe, akarudi nyuma. "Usinikasirikie, baba. Na wewe."

Emery aliketi juu ya ndoo. Chombo kile Brigitte aliwahi kukiwekea unga wa ndagala, na yeye alikiosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, akakiona kisafi. Magunia ya ndagala yalikuwa chini ya kitanda chao, kwa sababu chumba kilikuwa kimoja. Mfuko wa koti ulikuwa ndio ghala la zawadi. Kwa mtu aliyezaliwa Uvira, ndagala si harufu, ni hewa. Kila tartufo aliyoizika, aliizika kwa mkono wa ndagala, na Komando alifuata mkono. Kile kipande cheusi kilichotoka kwenye mizizi ya mwaloni hakikuwa na maana yoyote kwake, kilikuwa takataka iliyowekwa karibu na chakula.

Ndipo akamkumbuka mzee wa Umbria na udongo wake mikononi. Haikuwa baraka. Mzee yule alikuwa akijifuta.

"Naweza kuweka vitu vyangu chumbani kwako siku hizi chache?" alimwuliza Mayasa.

"Kwangu? Kwangu kuna udi kila Alhamisi na kila Ijumaa. Utamtoa kwenye dagaa, atakwenda kuchimba kila kizingiti cha Waislamu wa Fordsburg."

Brigitte alirudi kutoka Yeoville akiwa na beseni kichwani, akamkuta mumewe amefungua dirisha na mlango, baridi yote ya Julai imo ndani, magunia yake yako nje.

"Papa Arlène, uko nafanya nini na mali yangu?"

Alimweleza. Brigitte alisikiliza amesimama, beseni bado liko kichwani.

"Kwa hiyo ni ndagala yangu ndiyo ina makosa."

"Hapana. Ni mimi."

"Ndagala ndiyo imemfikisha mtoto wetu Arlène chuo. Ndagala ndiyo ilitulisha ulipokosa kazi. Leo mbwa moja tu amekosea njia, ndagala inalala inje?"

"Mama Arlène, mbwa hajakosea. Mimi ndiye nimemfundisha vibaya. Wakimrudisha kule kwenye vibanda, wanamuua kwa sababu ya kosa langu."

Brigitte alitua beseni. Alimwangalia Komando, aliyekuwa ameshaketi mbele yake na kuweka mguu juu ya ukingo wa beseni, kwa adabu, akingoja asifiwe.

"Tazama huyu mjinga," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. "Na zile siku zimebaki ngapi?"

"Chache."

"Ndagala yangu hailali inje. Ile harufu hautaiweza kuitoa humu, hata ukichoma nyumba. Ataishi nayo. Basi afundishwe kuipita."

Emery alimtazama mkewe. Yeye alikuwa anafikiria jinsi ya kuificha harufu. Brigitte alikuwa amesema jambo lingine, na lilikuwa sahihi zaidi.

*

Alianza upya, kama mtu anayefumua sweta ili alifume tena. Alinunua chupa ya kioo, akaichemsha. Alimwomba Jennifer kipande kingine cha tartufo, naye akakileta mwenyewe, akakiweka ndani ya chupa kwa kibanio bila Emery kukigusa. Koti la mazoezi alilifua akaliacha kwenye kamba usiku na mchana, likagandishwa na sakitu mpaka likasimama lenyewe. Zawadi ya chakula aliifuta kabisa. Alichukua chupa tupu ya plastiki, ya aina ileile iliyomfukuzisha Komando kazi, akaamua kwamba hiyo ndiyo itakuwa mshahara.

Walihamia kwenye uwanja mtupu ulio nyuma ya uzio wa reli, mbali na ua. Emery alichota udongo, akajisugua mikono mpaka kwenye viwiko. Alichimba mashimo mawili yaliyo mbali kidogo. Katika moja aliweka ndagala aliopewa na Brigitte, tena wale wakubwa, wa kuuzia wateja. Katika lingine aliweka tartufo.

Komando alikwenda kwenye ndagala. Akaketi, akaweka mguu. Emery alisimama kama mti. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Komando alingoja, akabadilisha mguu, akabweka kidogo. Hakuna kitu. Alipochoka akazurura, na alipopita karibu na lile shimo lingine, Emery alirusha chupa juu kwa kelele kubwa kiasi kwamba mtu aliyekuwa akipita na toroli la makopo alisimama kuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

Mara ya pili, ndagala. Mara ya tatu, ndagala. Kesho yake, ndagala. Emery alipata usingizi kidogo kati ya zamu na mazoezi, macho yakawa mekundu, lakini kila alipofika uwanjani alijisugua udongo upya na kuanza na utulivu uleule. Alijua hasira nayo ina harufu.

Jumanne Brigitte alikuja naye kabla ya kwenda sokoni. "Umezidi kumfichia," alisema. "Sokoni mtu haibi kitu kimefichwa, anaiba kile anaona." Akajitwika beseni la ndagala, akasimama katikati ya uwanja, kanga imefungwa vizuri, kama amesimama kwenye biashara yake.

"Ndagala! Ndagala ya Uvira!" aliita. "Kuya, Komando, kuya kwa mama!"

Komando alimwendea, akazunguka miguu yake, akaketi, akaweka mguu juu ya kiatu chake. Brigitte alitazama mbinguni. Komando alinyanyuka, akajaribu upande mwingine. Brigitte akaendelea kuita wateja ambao hawakuwepo. Kisha mbwa yule akasimama. Ilikuwa kama anahesabu kitu. Akageuza kichwa, pua ikakamata upepo mwembamba uliotoka upande wa reli, akaondoka polepole, akirudi nyuma kidogo, akienda tena, mpaka kwenye kichaka kikavu ambako Emery alikuwa amezika kipande kidogo kuliko ukucha.

Akaketi. Akaweka mguu. Akamtazama Emery bila uhakika wowote.

Chupa ya plastiki iliruka juu mpaka karibu na nyaya za reli.

"Bwana yangu amepata wazimu," alisema Brigitte, lakini beseni lilikuwa likitetemeka kichwani kwa kicheko.

Jumatano Komando alipatia, akakosea, akapatia. Emery hakujidanganya. Uwanja ule haukuwa shamba, na kipande kilichozikwa na mtu hakikuwa sawa na kilichoota chenyewe.

*

Alhamisi walikwenda wote, na Brigitte pia, kwa sababu alisema anataka kuona hao watu wanaokula kuvu kwa uma. Hester aliwapokea na kuwaonyesha mistari: ilishuka kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye bonde, mirefu, mingi kuliko Emery alivyokumbuka.

"Yote," alisema Hester. "Nataka kujua shamba langu lina nini kabla wageni hawajafika. Na nataka kumjua huyu."

Emery alichukua mfuko wa chakula kutoka kwa Brigitte. Jennifer aliguna. "Emery, tafadhali, uache kwa gari."

"Hapana, dada." Akaupeleka mwenyewe kwenye mti uleule wa Jumamosi, akautundika kwenye tawi la chini, pua ya mbwa inapofika. Kisha akapiga magoti, akachota udongo wa Hester, mweupemweupe wa chokaa, akajisugua mikono polepole, kidole kwa kidole. Jennifer alimtazama akifanya hivyo, akamkumbuka mzee wa Umbria.

"Tafuta."

Komando alikwenda kwenye mfuko. Wote wanne waliona. Alisimama chini yake, pua ikapanda, mkia ukaanza kupiga. Emery hakusogea. Aliitazama ardhi, asije akamsaidia kwa macho. Komando alizunguka mti mara moja, akauangalia mfuko kama mtu anayepita mbele ya hoteli aliyowahi kula vizuri, akaendelea.

Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mti baada ya mti, mwanzo wa mstari mpaka mwisho, kisha kurudi. Asubuhi iliisha. Sakitu iliyeyuka, jua likapata nguvu kidogo. Brigitte na Jennifer walikula wamekaa juu ya gogo, na Jennifer, aliyesema kwao Meru vitu hivi haviliwi, alimaliza ndagala wake na kuomba wengine. Emery hakula. Alitembea nyuma ya Komando, mbali kidogo, kimya. Mara mbwa alisimama akanusa mashimo ya panya. Mara aliketi, lakini bila kuweka mguu, akainuka. Kila mara Emery alimwambia neno lilelile kwa sauti ileile, na kila mara Komando alirudi kazini.

"Amechoka, mwache apumzike," Hester aliita.

"Yeye hajachoka, mama. Akichoka ataniambia."

Jua lilikuwa limeegemea vilima wakati Komando alipopunguza mwendo. Alipita mwaloni mmoja, akarudi. Akapita tena, akarudi, kichwa chini kabisa sasa, pumzi zikisikika. Aliingia kwenye duara tupu, akageuka, akajaribu ukingo wake, akaacha, akaja karibu na shina. Akaweka mguu. Aliuondoa. Akauweka tena mahali palepale, akaketi.

Emery alipiga magoti. Hakutumia kijiko. Alifukua kwa vidole, akiondoa udongo kidogo kidogo na kuuweka pembeni kwa mpangilio, kwani Hester alikuwa amemwonya kwamba mizizi ikikatwa haisamehe. Vidole viliingia mpaka viungo vya katikati. Udongo, kokoto, mzizi mwembamba kama uzi. Kisha kitu kigumu chenye ngozi ya mikunjo.

Hakukivuta. Alisogea pembeni, na Hester akashuka chini kwa shida, magoti yakilalamika, akalala kifudifudi kama msichana mdogo na kuingiza pua ndani ya shimo. Alikaa hivyo muda. Jennifer alisogea, akainama karibu naye.

"Ipo," alisema Hester. "Haijaiva. Siku kadhaa bado." Akachukua udongo mkononi akampa Emery. "Nusa."

Alinusa. Hakusikia kitu. Akanusa tena, amefumba macho, akangoja ile hewa ya Uvira ipite, na nyuma yake, mbali, akapata kitu kama majani yaliyooza baada ya mvua, na kitu kitamu kisicho na jina.

"Kwa hiyo amepita?" aliuliza Jennifer. "Mama Hester, amepita?"

"Amepata moja ambayo hamkuizika nyinyi." Hester alishika mkono wa Brigitte, akainuka. "Moja inaweza kuwa bahati. Mistari mingine bado. Leo anaweza kulala kwenye banda la matrekta, hakuna haja ya kumzungusha mjini. Akiimaliza kesho, nitawaambia."

Emery aliurudisha udongo shimoni kwa mpangilio aliouondolea, ule wa chini chini, ule wa juu juu, akaugandamiza kwa kiganja. Alifunga utepe mwekundu kwenye tawi ili wajue pa kurudi. Kisha akatoa chupa ya plastiki kutoka ndani ya sweta lake na kuirusha mbali kadiri alivyoweza, chini kuelekea bondeni. Komando aliruka, masikio nyuma, na Brigitte akampigia vigelegele vilivyorudi kutoka vilimani.

Baridi ilianza kushuka. Mistari mingine ilikuwa imeingia kivulini, na haikuwezekana tena kuona kama ardhi imeungua au ina giza tu. Jennifer alisema wapakie, kwamba njia ya Krugersdorp itajaa magari.

"Nendeni," alisema Emery. "Zamu ya leo nimebadilishana. Nitalala hapa naye."

"Banda lina baridi," alisema Brigitte.

"Nina koti."

Brigitte alimwachia mfuko wa chakula. Emery aliufunga vizuri, akautundika juu kwenye boriti ya banda, kisha akafikiria kidogo, akaushusha mpaka pua ya mbwa inapofika. Alitoka tena nje na chupa ya kioo mkononi, akashuka mpaka mwanzo wa mstari uliofuata, akachomeka kijiti ardhini mahali watakapoanzia jua likitoka. Komando alimfuata, akakinusa kijiti, akaweka chupa yake ya plastiki kando yake.

"Kesho," Emery alimwambia.